Filamu Namba Moja Duniani Yafika Mazwi

Jumatatu, 16 Juni 2025

Baridi. Nimenawa uso kwa ncha za vidole tu.

Mama mkwe ametoa hukumu. Yeye alikuwa mlangoni pa jiko lake, mimi niko uani napiga mswaki, Fransiska mke wangu katikati yetu. Mama Getruda ni mtu wa kijiji cha Kate, tena wa zamani. Hasemi na mkwe wake wa kiume ana kwa ana, hakai naye chumba kimoja, wala haingii mlango ambao mkwe yumo ndani. Namheshimu kwa hilo. Basi akamwambia Fransiska amwambie mumewe kwamba mahindi ya Kate yako njiani, na kwamba banda la mbele ya nyumba yake lilijengwa liwe ghala. Fransiska akaniambia. Nilikuwa nimeshasikia. Nikamwambia Fransiska amwambie mama kwamba lile banda siku hizi ni Sinema Kuu ya Ufipa. Mama akacheka. Kicheko kilinifikia moja kwa moja, bila kupitia kwa mtu.

Makubaliano ni haya. Jumapili, baada ya maandamano ya Ekaristi, atakuja kuangalia kwa macho yake. Akikuta mabenchi yamejaa, magunia yatatafutiwa mahali pengine. Akimkuta Mzee Loth, mteja wangu wa kila siku, peke yake, Jumatatu magunia yanaingia na mimi nakabidhiwa kazi ya kupukuchua.

Kupukuchua! Mimi! Mtu niliyewaonyesha watu wa Mazwi mwisho wa dunia mara nyingi, na kila mara kwa namna tofauti!

Sina hofu hata kidogo. Jioni nilifungua kama kawaida. Alikuja Mzee Loth peke yake. Alilala kabla jina la filamu halijatokea.

Jumanne, 17 Juni

Nasema ukweli, maana hapa hasomi mtu: nina hofu. Bila hili banda mimi ni Zenon tu, mume wa Fransiska. Nikipita sokoni hakuna atakayeniita Mkurugenzi. Sasa hivi pia hawaniiti, lakini wanaweza kuanza wakati wowote.

Basi nimefanya utafiti. Simu imekula bando lote, ila nimeipata siri ya biashara hii. Filamu zilizoingiza fedha nyingi kuliko zote duniani zinatoka kwenye studio chache zilezile, kama mahindi mazuri yanavyotoka kila mwaka kwenye mashamba ya watu walewale. Unazitambua kwa alama zake mwanzoni. Kuna yenye ngome. Kuna yenye mlima. Kuna yenye dunia inayozunguka. Na kila moja ina watu wake: ngome ni ya watoto na mama zao, dunia ni ya wapenda magari na mijusi mikubwa, mlima ni wa wanaume wanaokimbia.

Aina zinazouza: watu wanaoruka, katuni, vita vya angani. Mapenzi matupu ni machache. Filamu yenye mkulima nimetafuta mpaka bando likaisha, sijaiona. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Sumbawanga tumechelewa.

Kosa langu lote ni kwamba nilikuwa nawauliza watu wanataka kuona nini. Mtu wa Mazwi atajuaje anachotaka? Dunia nzima imeshachagua. Mazwi ni nani akatae?

Nimekwenda kwa jamaa anayeingiza muvi kwenye flashi pale karibu na soko. Nikamwagiza aniwekee za studio kubwa peke yake, zilizopiga fedha, na hasa ile iliyo namba moja duniani. Akaniuliza namba moja ya lini. Nikamjibu ya sasa, kwani mimi naonekana mtu wa jana? Akaweka. Nafasi kidogo ilibaki, akanipa na moja ya nyongeza, ya bure, ya ng'ombe. Haina alama yoyote mwanzoni. Filamu isiyo na studio ni kama mtu asiyejulikana ukoo. Nimeipokea kwa adabu tu.

Wakati natoka nikakutana na Maximilian, mwenye banda la kule stendi. Runinga yake ni kubwa kama mlango wa kanisa, anaonyesha mpira na filamu za Kihindi, na amefunga spika juu ya mti. Amesikia habari za mahindi. Akanipa pole. Nikamuuliza pole ya nini. Akasema basi, pole tu.

Jumatano, 18 Juni

Nimeanza na mtu anayeruka. Studio kubwa, nembo inang'aa mpaka Mzee Loth akafumba macho. Waliokuja: Mzee Loth, mama mmoja aliyetaka kujua kama nauza sabuni, na waendesha bodaboda watatu waliokuwa wanasubiri abiria.

Natafsiri mwenyewe. Mtafsiri wangu wa zamani alinyakuliwa na Maximilian. Kiingereza changu si kibaya. Wakiongea kwa kifupi naelewa nusu. Wakiongea kwa kirefu nasema, "Hapa wanazungumza mambo ya kifamilia." Leo familia ilizungumza sana.

Mzee Loth aliamka katikati na kuanza maswali. Akauliza huyu anayeruka ana mke. Nikasema hana. Akauliza anapikiwa na nani. Nikasema hiyo siyo hoja. Akauliza, kama anaweza kuruka, kwa nini amenunua gari, na kama ana nguvu za kuinua nyumba, kwa nini shamba lake halionekani popote. Waendesha bodaboda wakaunga mkono. Wakasema mtu mwenye nguvu kiasi hicho angekwenda Kasanga ziwani na kurudi na migebuka asubuhi hiyohiyo, ingali mibichi, bila mafuta. Wakaanza kupiga hesabu za biashara ya samaki. Filamu ikaisha hakuna aliyeangalia.

Nimewasamehe. Hawa si hadhira. Hadhira ya kweli, kwa mujibu wa utafiti, ni familia.

Jioni Maximilian amepita na pikipiki, akapunguza mwendo mbele ya banda, akachungulia, akaongeza mwendo. Huo ni wivu.

Alhamisi, 19 Juni

Siku ya katuni. Hoja yangu ilikuwa nyepesi: mtoto akija, mzazi anamfuata. Studio ya ngome imejenga utajiri wake wote juu ya jambo hilo moja. Nikatangaza watoto bure.

Walikuja! Walijaa mpaka chini ya mabenchi! Nilisimama mlangoni kuwapokea wazazi.

Wazazi walifika mpaka mlangoni. Wakanikabidhi watoto, wakashukuru sana, wakaenda kuvuna. Mama mmoja alinikabidhi na chupa ya uji. Mwingine aliniambia wake anaogopa mbuzi, nimwangalie. Nikawaambia hapa ni sinema. Wakasema ndiyo, Mungu akubariki.

Katuni ikaisha. Watoto hawakuisha. Nikairudia. Nikairudia tena. Ilikuwa ya nguruwe anayeongea, nami kufikia mara ya tatu nilikuwa namwelewa bila kutafsiri. Saa sita wakaanza kulia njaa. Fransiska akasonga ugali wa kutosha sherehe, akapakua, hakuniangalia usoni. Wa mwisho alichukuliwa magharibi. Baba yake alisema amefurahi sana kusikia kuna mtu Mazwi ameanzisha shule ya chekechea.

Mama Getruda alikuwa amekaa uani kwake tangu mchana, anachambua maharage. Alimwambia Fransiska, kwa sauti ya kufika mpaka barabarani, kwamba mumewe sasa angalau ana kazi ya maana. Fransiska akaja kuniambia. Nikamwambia nimesikia. Akasema anajua nimesikia, lakini mama amemtuma.

Ijumaa, 20 Juni

Siku imeharibika.

Nilipanga vita vya angani. Leo ilikuwa mnada wa ng'ombe, na baridi ilikuwa ya kukata masikio. Wafugaji waliokuwa wanarudi mnadani wakapita barabarani kwangu wamejifunga mablanketi. Mbele yao Nyanda, yule Msukuma mrefu aliyehamia na ng'ombe wake kule bondeni. Akaniuliza kama ndani kuna upepo. Nikasema hakuna. Wakaingia wote, na fimbo zao.

Nikafurahi. Nikachomeka flashi. Nikabonyeza vita vya angani, rimoti ikakataa, nikabonyeza tena kwa hasira, ikaja ile ya ng'ombe.

Aibu iliyonipata! Hakuna nembo. Hakuna muziki wa kutisha. Ng'ombe tu, wengi, wanashuka kuelekea mtoni, na wazungu wawili waliochoka juu ya farasi. Nikakimbilia deki nizime. Nyanda akanyoosha fimbo ikanizuia kifuani. Akasema, "Acha hapo."

Nikaacha. Wakasogea mbele. Wakaanza kuwakagua. Huyu ana mimba. Yule mguu wa nyuma una shida. Huyu kahawia, mwenye pembe iliyovunjika, ndiye kiongozi, wamfuate huyo, hao wazungu hawaoni? Nyanda akasema hawa watu wanachunga kama wanamkimbiza mwizi. Akawaonyesha kwa fimbo mahali wangepaswa kuvushia. Halafu akasema, "Rudisha." Nikarudisha. "Rudisha tena." Baadaye alichoka kunituma, akachukua rimoti akawa anarudisha mwenyewe.

Kelele zikavuta watu. Vijana wa Mazwi wakaingia, wakawatania wafugaji kwamba Msukuma hata akiona ng'ombe kwenye runinga lazima amtafutie maji. Nyanda akawajibu kwamba Mfipa akimwona huyuhuyu atamuuliza anakula mahindi kiasi gani. Wakacheka wote, wakabanana. Mama mmoja aliingia na kikapu cha migebuka akasahau kuuza. Mzee Loth alikuwa macho! Aliniambia nikae chini, namzibia.

Ikawa hivi: ng'ombe kahawia amevuka, ndama wake amebaki ng'ambo. Mto unajaa. Mama anageuka. Anaangalia maji. Banda zima limeinama mbele. Umeme ukakatika.

Walikaa gizani muda mrefu, hawaondoki. Nyanda akaniuliza ndama alivuka au hakuvuka. Nikamwambia sijui, sijawahi kuiangalia, ni filamu isiyo na studio. Akaniangalia kama mtu aliyeniuliza njia nikamjibu kwa wimbo. Akasema atarudi.

Nimekaa nikatafakari. Watu walijaa. Kwa nini? Filamu ilikuwa mbovu kwa kila kipimo: hakuna aliyeruka, haina sehemu ya pili, haimo kwenye orodha yoyote. Kwa hiyo si filamu. Nimepata jibu: ni baridi. Watu walifuata joto.

Jumamosi, 21 Juni

Joto, basi.

Nimeingiza jiko la mkaa bandani kwa majaribio. Banda lina mlango mmoja, na nyuma kuna kidirisha nilichokiziba kwa gunia ili pawe na giza la sinema. Mkaa ulikuwa na unyevu. Baada ya muda mfupi sikuiona runinga. Mzee Loth akaamka anakohoa, akauliza msiba ni wa nani. Fransiska akaingia na kanga puani, akafungua mlango, akalibeba jiko, akaenda kuchemshia maharage. Mlangoni akageuka akasema, "Baba Avelina, utatuua. Weka ng'ombe." Nikamwambia biashara hii ina wataalamu wake.

Mchana Nyanda akaja, safari hii na wake zake wawili na mdogo wake. Wametembea kutoka bondeni. Akauliza habari za ndama. Nikamwambia kesho kuna kitu kikubwa kuliko hicho. Kesho Mazwi itaona filamu namba moja duniani, ya studio kubwa, ya Malkia wa Nyota. Akauliza ndama atakuwepo. Nikasema watakuwepo viumbe ambao hajawahi kuwaona maishani. Akafikiri. Akasema sawa, atakuja, na ukoo wote.

Kumbe ni rahisi hivi kumwelimisha mtu.

Nimejifunza hadithi nzima kwa moyo, maana kesho sitaki mambo ya kifamilia. Jamaa wa flashi amenisimulia. Malkia wa Nyota amevuka mto wa moto, mwanawe mchanga amebaki ng'ambo. Majeshi yanamwambia asonge mbele. Yeye anakataa. Anarudi kumfuata. Nimetunga maneno yake mwenyewe, nikayajaribu uani kwa sauti. "Siondoki bila mwanangu! Hata mto ujae, nitarudi!" Mama Getruda aliyasikia akiwa jikoni. Akamtuma Fransiska aulize kama naumwa.

Maximilian amefunga spika ya pili juu ya mti. Kesho anaonyesha ya Kihindi, yenye harusi tatu. Kutoka huku unasikia mpaka bangili zinavyogongana.

Nimeomba rozari nzima. Nimemwambia Bikira Maria kwamba sitaki utajiri. Nataka tu mabenchi yajae mara moja, mbele ya mwanamke mmoja.

Jumapili, 22 Juni

Nimeshinda! Ngoja niandike kwa utaratibu.

Maandamano yalikuwa marefu na mazuri. Niliimba. Mama Getruda alikuwa na kina mama wenzake wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, sare imenyooka, nami nilijitahidi kukaa mbali kama inavyotakiwa. Baada ya hapo nikakimbia kufungua.

Nyanda alikuwa ameshafika na ukoo wake, wamejaza nusu ya mabenchi. Mzee Loth mbele. Wanakwaya kadhaa, vijana wa juzi, mama wa migebuka. Nikasimama mbele nikatoa hotuba fupi kuhusu studio kubwa na mchango wake duniani. Nikaanzisha namba moja.

Nembo ikapita. Nyota zikapita. Nyota zikaendelea kupita. Nikatafsiri kwamba hizi ni nyota. Nyanda akauliza hawa watafika lini. Vijana wawili wakatoka. Wanakwaya wakakumbuka mazoezi. Mzee Loth akalala, na alipolala yeye wakaona ni ruhusa, wakaanza kuondoka mmojammoja, wananiaga kwa heshima kabisa. Kutoka stendi bangili za Maximilian zinalia. Moyo ulinishuka mpaka kwenye soksi. Nikaona magunia. Nikajiona mimi katikati yao, napukuchua, mpaka kufa.

Ndipo Fransiska akachungulia akasema mama anakuja na wenzake. Yuko uani. Anakuja sasa hivi.

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo kwa wiki nzima sikulifikiria. Mimi nikiwa ndani, mama mkwe haingii! Ataishia nje, hataona kitu, na hukumu itabaki palepale. Mlango ni mmoja, naye yuko njiani kuuelekea. Nikatupa rimoti kwenye benchi, nikapanda juu ya spika, nikatoka kwa kidirisha. Suruali ya Jumapili imechanika. Nikaanguka juu ya marundo ya mabua, gunia likarudi likajifunga nyuma yangu.

Nilikaa pale chini ya kidirisha, kwenye baridi. Sioni kitu. Ndani nikasikia kina mama wanaamkiwa shikamoo, Mama Getruda akiitikia marahaba, marahaba. Halafu nikasikia sauti ya Nyanda, sikushika maneno. Halafu makofi! Namba moja imeanza kuwaingia!

Lakini nani anawatafsiria? Hakuna! Nikajua huu ndio wakati wangu. Mila inanikataza kuwa chumba kimoja na mama mkwe. Haikatazi sauti. Nikaweka mdomo kwenye gunia, nikahesabu moyoni hadithi ilipofikia, nikaanza kupaza. "Huyu ndiye Malkia! Amevuka! Lakini moyo wake umebaki ng'ambo!"

Ndani wakacheka kwanza. Kicheko kikubwa. Nikaendelea. "Wanamwambia aende mbele na wenzake! Yeye hataki! Anageuka! Anaangalia mto!"

Kicheko kikakatika. Nikasikia mtu anasema, kweli, tazama, anageuka. Nikapata nguvu. "Anasema: nilimbeba tumboni peke yangu! Ninyi mnanipiga viboko nisonge, mnajua uchungu wa mama?"

Mwanamke mmoja ndani akasema, "Maskini!" Mwingine akapenga kamasi. Watu wakawa wanakuja mbio kutoka barabarani, nasikia nyayo, wanasukumana mlangoni. Kwa mbali kidogo, ndani ya filamu, nikasikia mlio unaofanana kabisa na wa ng'ombe. Studio kubwa kwa upande wa sauti hazina mpinzani.

Nikafika kwenye maneno yangu niliyoyatunga. Nilikuwa nalia mwenyewe. "Siondoki bila mwanangu! Hata mto ujae, nitarudi!" Na nadhani palepale ndipo Malkia alipojitosa mtoni, maana banda lilipasuka. Vigelegele! Fimbo zinagonga sakafu! Nyanda anapiga miluzi ile ya kuswaga! Mzee Loth, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, anasema vuka mama, vuka!

Wakarudisha sehemu hiyohiyo. Nikaitafsiri tena. Wakarudisha tena. Kila mara kina mama walilia upya.

Nilipochungulia pembeni ya ukuta nikamwona Maximilian. Amekuja mwenyewe, bangili zake ameziacha zinalia peke yake kule stendi. Amesimama nje, kwa vidole vya miguu, hapati nafasi. Nikampungia mkono. Nikamwambia pole. Akauliza pole ya nini. Nikasema basi, pole tu.

Mama Getruda alitoka wa mwisho, anajifuta macho kwa upindo wa kanga. Alipita karibu na mabua niliyojifichia. Hakuniangalia, kama ilivyo ada. Lakini alisimama kidogo, akaiambia hewa kwamba aliyetafsiri leo ana moyo. Halafu akaenda zake.

Jumatatu, 23 Juni

Mahindi yamefika kutoka Kate. Mama mkwe ametimiza neno lake. Magunia hayakuingia bandani. Yameingia chumbani kwetu. Naandika nikiwa nimekaa juu yake. Fransiska anasema kitanda kitarudi mahindi yakiuzwa. Sijali. Mkurugenzi hulala popote.

Leo watu watatu wamenisalimia barabarani. Mzee Loth amekuja asubuhi, mapema, hana usingizi, anauliza Jumapili ijayo tunafungua saa ngapi.

Fransiska amejaribu kuniambia jambo fulani kuhusu Nyanda na ile rimoti, na kwamba jana, mara tu nilipotoka kwa kidirisha, sijui nini. Nikamwambia mke wangu, ushindi hauhitaji maelezo. Akasema, "Baba Avelina, nisikilize." Nikamwambia jana nilisikilizwa mimi. Akachukua ndoo akaenda kisimani.

Kutoka kisimani amerudi na ujumbe wa mama. Jumapili ijayo Mama Getruda anawaleta WAWATA wa kanda nzima, na wageni kutoka Matai. Nyanda naye ametuma salamu kwamba wanakuja watu wa bondeni wote, na wa bonde la pili. Swali la mama ni moja tu: je, yule mwenye pembe iliyovunjika na mtoto wake watakuwepo?

Nimecheka kwa upole. Mama ni mtu mzima, mambo ya angani yamempita kidogo. Kweli kwenye namba moja kuna zimwi fulani lenye pembe, linalinda lango la nyota, jamaa wa flashi alinisimulia, lakini si mhusika wa kumsumbua mtu. Hata hivyo mteja ni mteja. Nikamwambia Fransiska amwambie mama asiwe na shaka. Atakuwepo, tena na wenzake.

Kwa sababu nimegundua kwamba namba moja ina sehemu ya pili. Na ya tatu. Zipo mpaka ya saba! Dunia inapopenda kitu, studio kubwa hazikuachi hivihivi. Nimekwenda kwa jamaa wa flashi mbio, nikamwambia aniwekee zote saba, Jumapili nitaziunganisha mfululizo, kuanzia baada ya misa mpaka watakapochoka.

Akasema flashi imejaa, zote saba hazitoshi. Nikamwambia hilo si tatizo. Nimefuta ile ya ng'ombe.